Aliyeishika Bunduki kwa Mtutu

Kuku wa Phelista Nakhungu hawakulala chini ya boriti ya kati. Kila jioni waliingia nyumbani, wakajipanga ukutani bawa kwa bawa, wakisukumana na kunung'unika, lakini mahali pale waliacha pengo, kama waumini kanisani wanavyomwachia nafasi mtu ambaye bado yuko njiani. Hata kuku mgeni, aliyenunuliwa sokoni siku hiyohiyo, alijua. Phelista aliliona jambo hilo tangu aliporudi, mjane, kuishi katika boma la marehemu baba yake huko Naitiri. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Juu ya boriti hiyo, ndani ya ngozi ya ndama iliyokauka ikawa ngumu kama gome, ililala bunduki.

Naitiri wanamjua kwa miche. Ukitaka miche ya sukuma wiki au ya vitunguu ambayo haitakufa njiani, unamwendea yeye. Vidole vyake havitakati udongo hata Jumapili, anapoimba na akina mama wa kanisa la Friends, la Wakweka. Ni mwanamke wa kucheka, wa kumtania mteja mpaka asahau kulalia bei. Watu waliomjua miaka yote hiyo hawakujua kwamba kila mvua ilipoanza kupiga mabati, alitoka akakaa jikoni. Mvua ilipokuwa kubwa, ngozi ile ya ndama ilitoa harufu ya mafuta ya bunduki, na harufu ile ilishuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi.

Bunduki ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeyote aliyekuwa hai katika boma lile. Iliundwa Uingereza wakati wa vita vya kwanza vya Wajerumani; taji la mfalme lilichongwa kwenye chuma chake. Ilishuka na jeshi la Keya, la askari Waafrika wa Mwingereza, hadi Tanganyika, ikapanda tena na mzungu mmoja aliyegawiwa shamba kati ya Kitale na Kachibora kama shukrani ya vita. Wafanyakazi walimwita Bwana Kikohozi, kwa sababu kifua chake hakikupona. Kwa bunduki hiyo aliua simba, halafu nguruwe mwitu walipoingia kwenye mahindi, halafu, alipozeeka na mikono ikaanza kutetemeka, akampa mlinzi wake ailinde mifugo. Mlinzi huyo alikuwa Wakoli, baba yake Phelista.

Phelista alizaliwa katika shamba hilo. Alikuwa bado mdogo, Uhuru ulikuwa unakaribia, asubuhi ile baba yake aliporudi kutoka kwenye josho la ng'ombe akiwa amelowa hadi magotini, akinuka dawa ya kupe. Mama yake alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Umefanya nini?"

"Mwizi wa ng'ombe."

"Ameenda wapi?"

Wakoli alitazama chini. "Hajaenda," alisema.

Kwa Wabukusu, mtu aliyemwaga damu haketi kula na watoto wake mpaka wazee wamtakase. Na wazee hawamtakasi mpaka aseme amemuua nani. Hapo ndipo Wakoli alipokwama. Hakujua. Ilikuwa alfajiri yenye ukungu, mtu alikuwa na kamba mkononi akimvuta mtamba, na Bwana Kikohozi alisema mwizi ni mwizi, akaamuru shimo lichimbwe kando ya josho kabla vibarua hawajafika. Basi Wakoli hakutakaswa. Mzungu alipouza shamba na kuondoka, hakuulizia bunduki. Wakoli alipata kipande cha ardhi Naitiri, akaja nayo chini ya magunia ya mahindi. Na tangu asubuhi ile hadi alipokufa mzee wa mvi, alikula nje, peke yake, sahani yake juu ya jiwe. Wajukuu walidhani ni heshima ya wazee.

Siku zake za mwisho alimwita Phelista, akaonyesha boriti kwa kidevu. "Usiiuze," alisema. "Na usiifungue." Hakuongeza neno.

Basi ikakaa. Ingekaa hadi leo kama si mtoto.

Mwana wa pekee wa Phelista, Matthew, anafanya kazi ya mbao Kitale. Huko alimpata Chemutai, msichana wa Kachibora, mrefu, mwenye maneno machache na macho yasiyokwepa. Mtoto wao alizaliwa msimu wa kuvuna mahindi, wa kiume, mwenye nywele nyingi, na Chemutai akaja kumlea Naitiri kwa mama mkwe. Wiki za kwanza alikuwa mtoto kama watoto. Kisha akaanza kulia.

Hakulia kwa njaa. Chemutai alimpa ziwa, mtoto akageuza uso. Hakulia kwa maumivu, au basi daktari wa Kitale, aliyemgeuza na kumbonyeza na kumpima damu, hakuyaona. Alilia kama anayemwita mtu wa mbali, akanyamaza kusikiliza jibu, akaita tena. Mashavu yalianza kuingia ndani. Daktari alisema, asiponyonya mpaka juma lijalo, atalazwa na kupitishiwa maji mkononi.

"Anataka jina," Phelista alisema. "Kuna mzee anagonga, na sisi tumemfungia mlango."

"Mathe, hii ni tumbo tu, bana," Matthew alisema. "Ati mzee anagonga!"

"Wewe ulilia hivi hivi mpaka tukamtaja babu wa baba yako. Ukanyamaza hapohapo kama redio imeishiwa na betri."

"Na nikaanza tena lini?"

"Ulipoanza kulipa kodi ya nyumba."

Chemutai alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, halafu akainamisha uso juu ya mtoto ili wasione anavyolia.

Mzee anayetaka jina huja kwa ndoto. Phelista aliota mchana, ameketi akipukuchua mahindi, jua likiwa kali uani. Alisinzia na gunzi mkononi. Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Miguu yake ilikuwa imelowa hadi magotini na maji yalidondoka kizingitini bila sauti. Hakuingia. Mikononi alikuwa na bunduki ile. Aliishika kwa mtutu, kitako kikiwa mbele, kimeelekea ndani ya nyumba. Uso ulikuwa dhidi ya mwanga, haukuonekana. Phelista alipozinduka, chumba kilikuwa na harufu ya ugoro, na mahali pa kizingiti palikuwa pakavu.

Nani mwingine hubeba bunduki ya Wakoli ila Wakoli? Nani mwingine alilowa magoti? Phelista aliruka, akaenda kwa mtoto akamwita: "Wakoli! Ni wewe, baba? Karibu." Mtoto akanyamaza. Akamtazama, macho makubwa, hata akakubali ziwa kidogo. Wakachinja jogoo. Akapewa jina.

Jioni hiyo kilio kilirudi, na sasa kilikuwa na mahali. Mtoto alikuwa amelazwa kitandani kwa bibi yake. Alilia akitazama juu, kwenye boriti, bila kupepesa. Walimgeuza upande wa pili. Shingo ile changa ikajigeuza, macho yakarudi palepale. Kuku waliokuwa ndani walitoka nje mmoja mmoja, kwa utulivu, wakalala kwenye umande.

Walimrudisha Kitale kwa daktari. Chemutai alipokuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni, Phelista alitembea hadi dukani kwa Inderjit Singh. Siku hizi Inderjit anauza vipuri vya pampu na mashine za kusaga, lakini zamani baba yake alikuwa fundi wa bunduki za walowezi wote wa huko. Phelista alikuwa amemnunulia baba yake vitu pale tangu ujana.

"Singh, ndevu zimekuwa pamba hivi? Nije na magunia nivune?"

"Njoo na magunia mawili, mama. Lingine la maneno yako." Kisha akauona uso wake, akasogeza kiti. "Kuna nini?"

Alimweleza habari za mtoto. Halafu, kwa sauti ya chini, akamuuliza kama anaikumbuka bunduki ya Bwana Kikohozi.

Inderjit alipangusa kaunta mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Hiyo nakumbuka," alisema. "Kitako chake kilivunjika, mzee wangu akakichonga upya kwa mti wa mlima Elgoni. Lakini si kwa hicho naikumbuka. Nilikuwa kijana, nimeanza tu kushika tupa. Baba yako alikuja asubuhi moja, bado amelowa magoti. Akataka komeo, kile chuma cha kuvuta ukiingiza risasi, lichomelewe, lisifunguke tena. Mzee akamwambia, sawa, fungua kwanza nione kama kuna risasi ndani, mimi siweki moto kwa bunduki nisiyoijua. Baba yako akakataa."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Kikitoka, atatoka.' Mzee wangu akafikiri ni mlevi."

"Baba hakunywa."

"Najua. Mkweka safi, pombe hapana, tumbaku hapana. Ndiyo maana nilishangaa kitu kingine." Inderjit aliinua kidole. "Kwa mkanda wa bunduki alikuwa amefunga kipembe cha ugoro. Nikasema moyoni, ala, Mkweka na ugoro!"

 Baba yake hakugusa tumbaku maisha yake yote. Mtoto aliyeshikwa nayo alimchapa hata kama si wake. Aliiona tena ndoto. Mlinzi hashiki bunduki yake kwa mtutu. Anayeishika kwa mtutu ni mtu anayemrudishia mwenyewe.

Walikuwa wamempa mtoto jina la aliyefyatua. Aliyekuwa mlangoni ni yule mwingine.

Waliporudi Naitiri, walimkuta Kobilo, mamake Chemutai, amefika kutoka Kachibora, ameketi wima uani, leso begani, mzigo wa maziwa lala, ya mgando, miguuni. Alimpokea mtoto, akampima kwa mikono, na midomo yake ikakazana.

"Mkwe," alimwambia Phelista, "mmewaita wenu wote?"

"Wote, mkwe. Mpaka wale ambao hawakutupenda."

"Basi kwa ruhusa yako. Si desturi upande wa mama kuita. Lakini mtoto hawezi kungoja desturi."

Kwao Kachibora mtoto huwekewa ugoro kidogo puani, na majina ya marehemu huitwa, mmoja baada ya mwingine. Atakapopiga chafya, ndiye huyo aliyerudi. Kobilo aliingia ndani, akaketi kitandani, akachovya ncha ya kidole kwenye ugoro wake. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Aliwaita bila haraka, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Mtoto alilia tu, akitazama boriti. Sauti ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni mdomo wazi na pumzi inayokwaruza.

Kobilo alisita.

"Endelea, mama," Chemutai alisema.

"Wamekwisha. Kuna mmoja, lakini yeye hatumwiti."

"Kwa nini?" Phelista aliuliza, ingawa moyo wake ulikuwa umekwishajua.

"Kakaye mume wangu, Kipchirchir. Mtamba wao alichanganyika na ng'ombe wa mzungu, naye Kipchirchir akaenda kumrudisha. Hakurudi. Hatujaona kaburi, na hakuna aliyesema amemwona amekufa. Ukimwita mtu aliye hai kwa mtoto, unamuua. Mama mkwe wangu alimwekea maziwa mlangoni kila jioni mpaka siku aliyokufa, na mpaka leo bado tunayaweka. Sisi husema yuko njiani."

Mabati yalipiga kelele. Harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imeanza kushuka, na ndani yake, nyembamba kama uzi, harufu ya ugoro ambao si wa Kobilo.

Phelista alimtazama mtoto. Alijua kwamba akipanda kwenye kigoda na kuifikia bunduki, baba yake atashuka kutoka juu akiwa muuaji mbele ya wakwe zake, na huenda Chemutai akaondoka na mtoto, na huenda yeye mwenyewe akalala korokoroni kwa kuficha silaha. Alipanda.

Ngozi ilipasuka alipoifungua. Bunduki ilikuwa nyeusi, kavu, bila kutu, kana kwamba iliwekwa jana. Kwenye mkanda wake kilining'inia kipembe kidogo cha ugoro, ncha yake imevunjika na kuzibwa kwa kipande cha shaba. Alikifungua, akamwekea Kobilo mkononi.

Kobilo hakupiga kelele. Alipitisha kidole gumba juu ya shaba ile, mbele na nyuma. "Shaba ya kengele ya ndama," alisema. "Mama mkwe aliniambia. Aliniambia, siku moja mtu akipita na kipembe cha hivi, mshike mkono."

Aliunyosha mkono, akaushika wa Phelista. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Alifia wapi?"

"Kwenye josho la mzungu. Nitakupeleka. Baba yangu alimfikiria mwizi."

"Baba yako."

"Baba yangu, mkwe."

Matthew, aliyerudi nao kutoka Kitale, alitoka mlangoni akasimama karibu na mkewe. Chemutai alimtazama mama mkwe wake kwa macho yale yasiyokwepa, na Phelista hakuyakwepa.

"Mwite," Phelista alisema. "Amekufa. Hayuko njiani. Alikuwa hapa, miaka yote hii, juu ya vichwa vyetu."

Kobilo alikipeleka kipembe kitupu kwenye pua ya mtoto. "Kipchirchir," aliita.

Mtoto alinyamaza.

Lakini hakupiga chafya. Alinyamaza kabisa, mdomo wazi, kifua kimeinuka, hakishuki. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Chemutai alimnyakua, akampiga mgongo. "Kipchirchir!" Kobilo aliita tena, na sauti yake sasa ilivunjika. "Anatusikia. Amefika mlangoni. Kuna kitu kimemshika!"

*Kikitoka, atatoka.*

Phelista aliinyakua bunduki, akaelekeza mtutu nje, mvuani, akashika komeo. Halikutikisika. Matthew aliruka, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mamake, wakainua pamoja, wakavuta. Chuma kililia, sauti nyembamba, ya mtu aliyezuia pumzi kwa muda mrefu. Komeo likarudi nyuma, na kitu kidogo kikaruka, kikadunda sakafuni, kikabingirika mpaka kwenye miguu ya Kobilo.

Ganda moja la risasi, jeusi, tupu. Wakoli hakuwahi kulitoa. Risasi iliondoka asubuhi ile ya ukungu. Ganda lake alilifungia ndani, likabaki na kishindo chake.

Kutoka katika tundu lile wazi haikutoka harufu ya baruti. Ulitoka ugoro, mwingi, wa moto, kana kwamba mtu ameketi katikati yao na kufungua kipembe.

Mtoto akapiga chafya.

Akavuta pumzi, akapiga chafya tena, akatafuta ziwa kwa mdomo kama kipofu, akalipata. Kwa muda mrefu ndani ya nyumba hapakuwa na sauti ila ya mvua na ya kumeza.

Kobilo hakusema amesamehe, na Phelista hakumwomba. Kobilo aliliinua ganda, akalifunga kwenye pindo la leso pamoja na kipembe. "Hili nitalizika naye," alisema. "Na wewe utakuja Kachibora, mkwe, useme kwa mdomo wako. Usimtume mtu."

Phelista alikwenda. Josho lilikuwa bado lipo, limezungukwa na mahindi ya watu wengine, na pale alipopaonyesha, mahindi hayakuwa yameota. Huko Kachibora alisimama mbele ya wazee akasema baba yake alifanya nini na kwa nini hakula ndani. Mzee mmoja aliinuka na kuondoka. Wengine walibaki. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakuna aliyeweka maziwa mlangoni, waliyanywa.

Bunduki ilipelekwa kwa chifu, Phelista mwenyewe akiibeba mchana kweupe, imefungwa kwenye gunia la miche. Polisi waliuliza mengi, wakaandika, wakamwacha aende nyumbani na onyo. Jina la Wakoli liliondolewa kwa mtoto. Litangoja. Kuku sasa wanalala chini ya boriti, wamebanana, hakuna pengo.

Mtoto, Kipchirchir, anatambaa. Ana mashavu. Anacheka haraka, hasa akiona ng'ombe. Kuna jambo moja tu ambalo Phelista ameliona na hajamwambia mtu. Ukimpa mtoto huyo kijiko, au kisu cha kuchezea alichochongewa na baba yake, au fimbo, hakitumii. Anakishika upande wa ncha, anakuangalia usoni, halafu anakunyoshea mpini.

Na Phelista, kila mara, anapokea kwa mikono miwili.